Miaka ya Samaki Asiye na Jina

Mnamo Julai 1977, katika kijiji cha Higashi-Shirakawa mkoani Gifu, Japani, alikufa karpu jike mwekundu aliyeitwa Hanako. Waliomtunza walisema ameishi miaka 226. Kwa hesabu hiyo alianguliwa mwaka 1751, Japani ikiwa bado chini ya mashoguni wa Tokugawa, akaishi hadi zama za televisheni na treni za kasi. Siku aliyozaliwa hakuna aliyeiandika. Umri wake ulisomwa kwenye magamba: katika miaka ya 1960 gamba liliwekwa chini ya hadubini mjini Nagoya, pete zikahesabiwa, na tarakimu ikatangazwa. Wataalamu wengi wa samaki hawaikubali. Karpu akilelewa vizuri huishi miongo kadhaa, na kwa samaki hiyo tayari ni mingi. Karne mbili na ushei ni jambo jingine kabisa.

Katika maziwa na mito ya Amerika Kaskazini alikuwako samaki mwingine ambaye umri wake nao ulikuwa umeshasomwa na kuandikwa vitabuni. Jina lake la kisayansi ni Ictiobus cyprinellus. Wamarekani humwita kwa jina la nyati, nami nitamwita samaki-nyati. Ni wa ukoo ulio jirani na wa karpu: mwili mnene, magamba makubwa, na uzito unaoweza kupita kilo 30. Mtu asiyemjua humdhania karpu. Vitabu vilisema akiishi sana hufikisha miaka 26. Hakuna aliyempa jina lake binafsi. Sheria za majimbo mengi zilimtia katika fungu la samaki wasio na thamani, akawa wa kuwindwa usiku kwa taa na mishale, mara nyingi bila kikomo cha idadi, na mzoga wake ukatupwa.

Mwaka 2019 Alec Lackmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota walichapisha utafiti uliobadilisha habari hizo. Samaki-nyati mkongwe kuliko wote waliowapima alikuwa na miaka 112.

Sijaacha kuzifikiria hesabu hizi mbili kwa pamoja. Samaki mmoja alipendwa, akapewa jina, akalishwa kwa mkono, na miaka yake ikahesabiwa kupita kiasi. Mwingine alidharauliwa, na miaka yake ikahesabiwa pungufu, tena pungufu mara nne. Sidhani kwamba yeyote alikusudia kudanganya. Waliomhesabu Hanako waliziona pete kweli, na waliomhesabu samaki-nyati nao waliziona. Ila jicho haliendi kwenye hadubini likiwa tupu. Anayempenda samaki wake hana haraka ya kuacha kuhesabu. Na anayeamini kwamba samaki fulani ni takataka, akifika pete ya ishirini na sita anaona kazi imekwisha, kwa sababu hakuna kinachomwambia kwamba huenda hapo ndipo kazi inapoanza. Heshima tuliyonayo kwa kiumbe hutangulia kipimo, na bila sisi kujua, huamua kipimo kitafika wapi.

Ufundi wenyewe una historia ndefu. Mwaka 1759 mchungaji wa kanisa nchini Sweden, Hans Hederström, alihesabu pete kwenye mifupa ya uti wa mgongo wa samaki aina ya paiki na kukisia umri wao. Baadaye, mwaka 1898, Mjerumani Hoffbauer alichapisha kazi yake juu ya magamba ya karpu. Karpu walimfaa kwa sababu moja tu: walikuwa wa kufugwa, na mfugaji alijua kila mmoja ameingizwa bwawani mwaka gani. Kwa hiyo Hoffbauer aliweza kulinganisha alichokisoma kwenye gamba na kilichokuwa kweli. Wakati wa baridi karpu huacha kula na gamba lake karibu linasimama kukua, ndiyo maana mistari yake husongamana. Kiangazi kikirudi, mistari huachana. Kila msongamano ni majira ya baridi moja yaliyopita. Ni jambo zuri sana hili, kwamba mwili wa samaki huandika taarifa zake bila kuombwa na mtu.

Tatizo ni kwamba gamba ni mwandishi wa ujanani. Linakua kadiri mwili unavyokua, na mwili ukishatosheka kukua, pete mpya zinabanana ukingoni hadi hazitenganishiki. Gamba likidondoka, jipya huota mahali pake likiwa halina lolote katikati, kana kwamba miaka ya nyuma haikuwapo. Tena ugonjwa, njaa au machovu ya kutaga huweza kuchora pete ya ziada isiyo ya mwaka wowote. Kwa hiyo gamba lilelile laweza kumpa mtu miaka mingi mno au michache mno, na anayelisoma hana njia ya kujua ni kosa lipi amelifanya.

Ndani ya kichwa, kwenye sehemu ya sikio, kuna kitu kinachoaminika zaidi. Samaki wana vijiwe vya chokaa, jozi tatu, ambavyo huwasaidia kusikia na kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Kijiwe hicho hakiachi kuongezewa tabaka, hata pale mwili ulipoacha kuongezeka. Mtafiti hukitoa, hukikata kipande chembamba kuliko ukucha, hukiangaza kwa mwanga, na hapo tabaka za miaka huonekana kuanzia kiini hadi ukingoni. Kikundi cha Lackmann kilifanya hivyo kwa mamia ya samaki. Hata hivyo hesabu ya macho peke yake isingetosha, kwa kuwa mtu angeweza kuuliza: mnajuaje kwamba kila tabaka ni mwaka mmoja?

Jibu lilitoka mahali pa kutisha. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia angani kwa majaribio, na kiasi cha kaboni 14 hewani kikapanda kwa ghafla duniani kote. Kaboni hiyo iliingia kwenye maji, kwenye vijidudu, kwenye samaki, na mwisho kwenye vijiwe vyao vya masikioni. Samaki aliyezaliwa baada ya mabomu anayo alama hiyo tangu kiini cha kijiwe. Aliyezaliwa kabla hana, na hawezi kuipata tena, kwa sababu tabaka likishawekwa halibadiliki. Vijiwe vya samaki-nyati wakongwe vilipopimwa, viini vyao vilikuwa safi. Walikuwa wamezaliwa katika dunia ambayo haijawahi kulipua bomu la namna hiyo.

Hapo ndipo nahisi uzito wa jambo lenyewe. Tulitia dunia nzima sumu, na miaka sitini baadaye sumu hiyohiyo ikawa kalenda ya kutuonyesha viumbe waliokuwapo kabla yetu wengi. Siwezi kusema hilo linayapa majaribio yale maana njema, kwa kuwa hayana. Ubaya hauwi wema kwa sababu mtu makini amepata cha kujifunza kutokana nao. Lakini unaonyesha kitu kuhusu maarifa: huokotwa popote, hata katika majivu, na anayeyaokota anadaiwa kukumbuka ni majivu ya nini.

Deni la pili liko karibu zaidi. Kijiwe hakitoki kwenye kichwa cha samaki aliye hai. Ili kujua kwamba ameishi miaka 112, lazima awe amekufa. Baadhi ya samaki waliopimwa walikuwa wameshapigwa mishale na wawindaji, na watafiti waliomba vichwa ambavyo vingetupwa. Naona uungwana katika hilo, kutumia kifo kilichokwisha kutokea kuzuia vifo vijavyo. Bado inaniuma kwamba tunamjua mzee huyu kwa mara ya kwanza siku ambayo hayupo tena, na kwamba mwaka wake wa mwisho kwenye kijiwe ni mwaka aliokutana nasi.

Ndiyo sababu kazi ya Arizona inanipa moyo. Mwaka 1918 serikali ya Marekani ilisafirisha samaki wa jamii hii kutoka Iowa hadi jangwani, ikawatia katika bwawa la Roosevelt. Wengine, au wazao wao, wakaishia katika ziwa Apache lililo chini yake. Wavuvi wa ndoana wa huko waliona kwamba baadhi ya samaki wana madoa meusi na ya rangi ya machungwa, kila mmoja kwa mpangilio wake. Wakaanza kuwapiga picha na kuwarudisha majini. Utafiti uliotoka mwaka 2023, uliowashirikisha wavuvi hao, ulithibitisha kwamba aina tatu za samaki-nyati katika ziwa hilo hupita miaka mia, na madoa yale ni dalili ya uzee. Kwa picha waliweza kumtambua samaki yuleyule akinaswa tena baada ya miaka. Hapo mtu anamjua samaki fulani, huyu na si mwingine, bila kumchinja. Kijiwe kingewapa mwaka wa kuzaliwa. Picha ikawapa mtu wa kukutana naye tena, ikiwa neno mtu linaweza kunyooshwa kidogo.

Uzee wao nao si uzee tunaoujua. Mwaka 2021 watafiti wa chuo hichohicho cha North Dakota walipima damu ya samaki-nyati wenye umri wa miaka 2 hadi 99. Walitafuta dalili za kuchakaa na hawakuzipata. Wakongwe walionekana kuwa na msongo mdogo kuliko vijana, na kinga ya miili yao ilipambana vyema zaidi na bakteria. Sisi tumezoea kuyaona maisha kama kilima: kupanda, kileleni, kushuka. Tunapanga maana kwa umbo hilo. Ujana ni wa kutafuta, utu uzima ni wa kuvuna, uzee ni wa kugawa na kuaga. Samaki huyu hana mteremko. Miaka tisini kwake si mwisho wa hadithi, ni siku ya kawaida ya kuchuja vijidudu kutoka kwenye maji kama alivyofanya akiwa na miaka thelathini. Wazee wetu tunawaheshimu kwa walichokiona na wanachoweza kutusimulia. Je, tunaweza kuuheshimu uzee usiosimulia kitu? Nadhani tunaweza, na nadhani ni heshima iliyo safi zaidi, kwa kuwa haidai malipo ya hekima.

Lakini kuna jambo katika habari za samaki huyu lililonigusa kuliko yote, nalo liko Minnesota, katika hifadhi ya Rice Lake. Kila mwaka mwezi Mei, maji yakipata joto, samaki-nyati hupanda Mto Rice kuingia ziwani kutaga katikati ya mimea ya mpunga wa mwituni. Jike mmoja anaweza kuachia mayai laki kadhaa. Mayai yanaanguliwa, vifaranga huonekana. Kisha kabla ya kiangazi kuisha hawaonekani tena. Watafiti walipima umri wa samaki 390 wa kundi hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2024: wote isipokuwa mmoja walikuwa na zaidi ya miaka 50. Nusu yao walizidi miaka 79, na mkongwe alifika 127. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hakuna kizazi kilichofanikiwa kukua. Zaidi ya miaka sitini wamepanda mto, wametaga, wameshuka, na karibu hakuna aliyebaki wa kuwafuata.

Mtu akisikia hivi atasema kwamba hiyo ni kazi bure. Nami nilianza kufikiri hivyo. Sisi tumefundishwa kuyapima mambo kwa matunda yake: mti usiozaa hukatwa, biashara isiyolipa hufungwa, na juhudi isiyoonyesha matokeo kwa mwaka mmoja wa bajeti huitwa kushindwa. Kwa kipimo hicho kundi zima la Rice Lake limeshindwa mara sitini mfululizo. Ila kipimo hicho kinachukulia kwamba maana ya tendo inakaa ndani ya mwaka wa tendo hilo. Maisha marefu ya samaki-nyati yamejengwa kwa msingi mwingine. Mazingira ya kule, ya mafuriko na ukame, hayajawahi kuahidi mwaka mzuri kila mwaka. Yeye ameumbwa kuvuka miaka mibaya, mmoja baada ya mwingine, hadi ule mmoja unaofaa utakapokuja, na bila kujua ni upi hulazimika kuwapo katika yote. Bibi anayelima shamba la kutegemea mvua huweka mbegu kibuyuni kila msimu, hata baada ya misimu mitatu ya jua kali, na hakuna jirani anayemwona mjinga. Samaki huyu hana kibuyu, mwili wake mwenyewe ndio akiba. Kuishi miaka mia kwake si zawadi iliyoongezwa juu ya kuzaa. Ni namna yake ya kuzaa.

Kwa hiyo kila Mei inayopita bila kifaranga haina maana ikichukuliwa peke yake, na ina maana ikichukuliwa kama sehemu ya kungoja. Sisemi kwamba samaki anatumaini. Sina ruhusa ya kumpachika tumaini. Nasema kwamba kungoja kunaweza kuwa kitu kilichojengwa mwilini, kikafanya kazi yake bila mngojaji kujua anangoja nini, na kwamba hilo linanifanya niwe mwangalifu zaidi ninapotaka kuyaita maisha ya mwingine kuwa ya bure. Pengine nimeyatazama kwa kipande kifupi mno.

Hatari yake iko wazi. Mwenye subira ya miaka mia hana kinga dhidi ya mwenye haraka. Ukiwaua wakongwe hawa kwa misimu michache ya mishale, huondoi ziada inayorudishwa mwaka kesho. Unaondoa akiba yote ya miaka sitini. Kwa kuwa ni wakubwa na wanaonekana wengi wakati wa kupanda mto, mwindaji huamini kwamba wanazaliana sana. Wingi anaouona ni wa mabaki.

Nasi wa huku tunamjua samaki wa aina hiyo ya safari, ingawa si wa kuishi karne. Ningu wa Ziwa Victoria ni wa ukoo wa karpu. Mvua zikianza, alikuwa akipanda mito kama Nzoia, Yala, Sondu na Kagera kwenda kutaga kwenye mabonde yaliyofurika, na watu wa mitoni walijua majira yake na kumngojea. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 alikuwa kitoweo kikubwa. Kisha nyavu za kutega za viwandani zikaenea, zikawekwa kwenye midomo ya mito wakati uleule wa safari, zikawanasa majike wakiwa na mayai tumboni. Katika miaka ya 1950 uvuvi wake ulianguka, na mwaka 1965 mtafiti Cadwalladr alichapisha makala kueleza kuporomoka huko. Ningu hakumalizwa na watu waliomdharau. Alimalizwa na watu waliompenda sana, kwa mlo na kwa soko. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba upendo peke yake unalinda. Hanako alionyesha kwamba haumwezeshi mtu kuhesabu sawasawa, na ningu anaonyesha kwamba haumwezeshi kujizuia.

Mwaka 2024 bunge la jimbo la Minnesota lilipitisha sheria iliyowatoa samaki wa asili, samaki-nyati akiwa mmoja wao, kutoka fungu moja na samaki wageni. Nafurahi. Lakini mgeni aliyebaki katika fungu la zamani ni karpu, na kumhusu yeye pia nina la kusema. Karpu hakujileta Marekani. Mwaka 1877 serikali yenyewe ilimwagiza kutoka Ujerumani, ikamtunza katika mabwawa ya Baltimore na kumgawa kwa wananchi kama chakula bora cha kesho. Miongo michache tu ikapita akaitwa balaa. Kwenye Ziwa Naivasha nchini Kenya alionekana mwaka 2001, na inaaminika aliteremka kwa Mto Malewa mafuriko yalipombeba kutoka mabwawa ya kufugia. Kufikia mwaka 2010 ndiye aliyejaza nyavu za wavuvi. Huko hawamwiti takataka. Wanamuuza na kumla.

Nakubali kwamba katika maziwa mengi ya Minnesota karpu apunguzwe. Anachimbua tope akitafuta chakula, anang'oa mimea, maji yanachafuka hadi samaki wengine wanakosa pa kutagia. Hizo ni sababu. Zinaweza kupimwa, zikabishiwa, na zikikutwa si za kweli katika ziwa fulani, mtu anaweza kuweka mishale chini. Kumwita samaki takataka hakumpi mtu nafasi hiyo. Neno hilo lilitumika juu ya samaki-nyati kwa zaidi ya karne moja, na muda wote huo kijiwe kilikuwa kichwani mwake kikiongezewa tabaka, na hakuna aliyeona haja ya kukikata.